Moyo Unapopoteza Mpangilio: Tiba Ipi kwa Mgonjwa wa Tabora?

Mgonjwa wa Tabora anayeambiwa kwamba mapigo ya moyo wake hayana mpangilio huondoka kwa daktari na maswali mawili. La kwanza ni la kitabibu: anywe dawa, ashtuliwe moyo kwa umeme, awekewe betri ya kuuendesha moyo, au afanyiwe upasuaji wa tundu dogo ili njia mbovu za umeme ndani ya moyo zichomwe? La pili ni la barabara: kati ya tiba hizo, ipi ataipata Kitete, hospitali ya mkoa, ipi ataifuata Dodoma au Mwanza, ipi iko Dar es Salaam, na akishaipata atatakiwa kurudi mara ngapi?

Swali la kwanza hujibiwa na madaktari. La pili mara nyingi huachiwa familia, ikalijibu kwa kuuza ng'ombe, kwa kusubiri malipo ya tumbaku, au kwa kukaa kimya. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba maswali hayo mawili ni moja. Tiba ya mapigo ya moyo haimaliziki siku ya upasuaji wala siku ya kuandikiwa dawa. Humalizika, kama humalizika, baada ya miezi au miaka ya kufuatiliwa, na mgonjwa wa Sikonge au Kaliua hupima mambo kwa mizani tofauti na mgonjwa wa Upanga, Dar es Salaam, hata kama ugonjwa wao ni ule ule. Lakini umbali hauvuti upande mmoja tu. Kwa aina fulani za ugonjwa huu unamshauri mtu asikimbilie upasuaji. Kwa aina nyingine unamshauri aufuate mapema, kwa kuwa safari moja ndefu huwa nafuu kuliko safari fupi zisizokwisha.

Njia ya zamani, vituo vipya

Njia anayosafiri mgonjwa huyo kufuata tiba ni kongwe. Misafara ya karne ya 19 ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, eneo la Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Richard Burton na John Speke waliifuata njia hiyo wakafika Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya zaidi ya miezi minne njiani. Tabora haikuwa mahali pa kupita tu. Hapo wapagazi walilipwa na wengine wakaajiriwa, chakula kilinunuliwa, na wagonjwa walipumzishwa. Reli ya kati nayo ilifuata uelekeo uleule, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Leo huduma za moyo kwa watu wa magharibi zimepangwa kwenye mstari huohuo. Kigoma kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, Tabora kuna Kitete, Dodoma kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa, na mwisho wa njia, jirani na Muhimbili, kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, iliyoanzishwa mwaka 2015. Reli inayochepuka kutoka Tabora kwenda kaskazini humpeleka mgonjwa Mwanza, kwenye hospitali ya kanda ya Bugando. Ndani ya mkoa wenyewe zipo pia hospitali za makanisa zilizobeba wagonjwa kwa miongo mingi: Nkinga wilayani Igunga, Ndala wilayani Nzega, na Sikonge.

Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 800. Hadi Dodoma kwa barabara ya Itigi na Manyoni ni karibu nusu ya hapo. Tofauti ya namba hizo mbili ina uzito katika kila uamuzi unaofuata.

Mapigo yapi hasa?

Moyo wenye afya, mtu akiwa ametulia, hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, yaani karibu mara 100,000 kwa siku. Kila pigo huanzia kwenye kifundo kidogo katika chumba cha juu cha upande wa kulia wa moyo. Umeme hushuka hadi kituo cha katikati, husubiri kidogo, kisha husambaa vyumba vya chini vinavyosukuma damu. Hitilafu inaweza kutokea popote njiani, na kila mahali huzaa ugonjwa wake.

Wapo ambao umeme wao hukatika katikati. Moyo hupiga mara 30 au 40 kwa dakika, na mzee anayefika kisimani hoi anaweza kuzimia ghafla bila dalili ya kumwonya. Wapo ambao moyo huchomoka ghafla ukapiga mara 150 hadi 200, kisha ukatulia ghafla kama ulivyoanza. Wengi wao ni vijana wenye moyo mzima, waliozaliwa na njia moja ya ziada ya umeme. Wapo ambao vyumba vya juu vimeacha kupiga na badala yake vinatetemeka, huku vyumba vya chini vikipiga bila mpango wowote. Huu ndio mtetemo wa vyumba vya juu, ugonjwa wa mapigo ulioenea kuliko yote duniani miongoni mwa yanayohitaji tiba ya kudumu. Wapo pia wenye mbio zinazoanzia vyumba vya chini, aina ya hatari zaidi, ambayo mara nyingi hukaa kwenye moyo uliokwisha kuumia. Na wapo wengi wenye mapigo ya ziada ya hapa na pale, wanaosema moyo umeruka, ambao moyo wao ukikutwa mzima huhitaji kutulizwa kwa maelezo tu.

Kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kuchagua tiba kabla ya kujua jina la mapigo yake, na jina hilo hutolewa na kipimo cha ECG, kile cha kubandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni. Willem Einthoven wa Uholanzi alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi ya kipimo hicho, na miaka mia moja baadaye bado ndicho mlango wa kwanza. Ugumu wake ni kwamba hunasa kinachotokea wakati ule tu. Mgonjwa ambaye moyo wake humchomoka nyumbani, akapimwa kesho yake akiwa mzima, anaweza kurudishwa na maneno kwamba hana kitu.

Ushauri unaofaa kwa mtu wa kijijini ni kwenda kwenye kituo chenye ECG wakati mapigo bado yanakwenda mbio, si baada ya kutulia. Aombe nakala ya karatasi na kuipiga picha kwa simu, kwa kuwa karatasi za mashine nyingi hufifia baada ya muda. Karatasi moja ya dakika ya shida ina thamani kuliko vipimo vingi vya siku za amani, na ikifika Dodoma au Dar es Salaam kabla ya mgonjwa, inaweza kumpunguzia safari nzima.

Kinachoharibu mapigo katika nchi yetu

Vitabu vingi vya tiba ya mapigo vimeandikwa kwa ajili ya mzee wa Ulaya mwenye miaka 75, mnene, mwenye mishipa ya moyo iliyoziba. Mgonjwa wetu mara nyingi si yeye.

Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2012 uliwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, ukakuta wenye mtetemo wa vyumba vya juu ni chini ya 1 kati ya 100, kiwango cha chini sana kulinganisha na wazee wa Ulaya. Lakini ukitoka kijijini ukaingia wodini, picha inageuka. Utafiti wa moyo kushindwa kufanya kazi uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 ulihusisha wagonjwa 427 wenye wastani wa umri wa miaka 55. Chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la juu la damu, kikafuatiwa na ugonjwa wa misuli ya moyo, kisha valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi. Wagonjwa 16 kati ya kila 100 walikuwa na mtetemo.

Hiyo homa ya baridi yabisi ndiyo inayotutofautisha zaidi. Huanza na maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa kikamilifu, kinga ya mwili ikaja kushambulia valvu za moyo, na miaka mingi baadaye valvu ya kushoto inasinyaa, chumba cha juu kinatanuka na kuanza kutetemeka. Usajili wa kimataifa uitwao REMEDY, uliohusisha Kenya, Uganda na nchi nyingine za Afrika pamoja na India na Yemen, ulikusanya wagonjwa 3,343 wa valvu hizo. Umri wa kati ulikuwa miaka 28, theluthi mbili walikuwa wanawake, na zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na mtetemo. Hawa ni mama wanaonyonyesha, wakulima, wachuuzi wa sokoni. Uamuzi wa tiba kwao unagusa uzazi, kazi na ndoa, mambo ambayo utafiti wa wazee wa Ulaya haukuyapima.

Tabora ina mambo yake pia. Ni mkoa wa tumbaku, na majani mabichi yenye unyevu hupenyeza nikotini kwenye ngozi ya mvunaji, ikambadilishia mapigo hata kama havuti sigara. Pombe kali, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu na upungufu wa potasiamu baada ya kuharisha au kutumia vidonge vya kukojosha, vyote huweza kuvuruga mapigo. Sababu hizi ziangaliwe kwanza. Mtu ambaye tezi yake ndiyo inayoharakisha moyo hahitaji kuchomwa ndani ya moyo. Anahitaji tiba ya tezi. Mwenye valvu iliyosinyaa anahitaji valvu itazamwe kwa kipimo cha eko kabla ya kujadili mapigo, kwa sababu valvu inayofaa inaweza kupanuliwa kwa puto bila kufungua kifua, kazi inayofanyika JKCI.

Mtetemo: maamuzi mawili yasichanganywe

Mwenye mtetemo wa vyumba vya juu ana maamuzi mawili mbele yake, na kosa linalogharimu maisha ni kuyachanganya.

Uamuzi wa kwanza ni wa kuzuia kiharusi. Damu inayotuama kwenye chumba kinachotetemeka huganda. Donge likichomoka hupanda kichwani. Mtetemo huongeza hatari ya kiharusi takriban mara tano, na kwa mwenye valvu iliyosinyaa hatari ni kubwa zaidi. Uamuzi huu hautegemei kama mgonjwa anasikia mapigo au hasikii. Mtu asiyesikia chochote anaweza kuwa ndiye anayehitaji dawa kuliko jirani yake anayelalamika kila siku.

Kwa asiye na ugonjwa wa valvu, dawa mpya za kuzuia damu kuganda kama apiksabani, rivaroksabani na dabigatrani zimerahisisha mambo, kwa kuwa hazihitaji kupima damu kila mara. Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Wengi walitumaini zingewakomboa pia wagonjwa wa valvu waishio mbali na maabara. Utafiti wa INVICTUS ulilijaribu tumaini hilo kwa wagonjwa wapatao 4,500 wa nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Matokeo yake, yaliyotoka mwaka 2022, yalikwenda kinyume: waliotumia dawa za zamani za kundi la warfarini walifariki wachache kuliko waliotumia rivaroksabani. Kwa hiyo mwenye valvu iliyosinyaa kwa homa ya baridi yabisi, dawa yake bado ni warfarini.

Na warfarini ndiyo yenye kudai safari. Kipimo cha INR, kinachoonyesha jinsi damu inavyoganda, kinatakiwa kukaa kati ya 2 na 3. Kikishuka, damu inaganda. Kikipanda, mgonjwa anavuja damu. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huishusha nguvu, metronidazoli na kotrimoksazoli huipandisha, na mboga za majani zinazoliwa kwa wingi leo na kuachwa kesho huiyumbisha. Mgonjwa hahitaji kuacha mlenda wala matembele. Anahitaji kula kwa kiwango kisichobadilika sana, na kumwambia kila anayempa dawa, wa hospitali na wa miti shamba, kwamba anatumia warfarini. Mwanamke mwenye mpango wa kupata mimba azungumze na daktari kabla, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto hasa katika miezi mitatu ya mwanzo. Katika usajili wa REMEDY, miongoni mwa waliokuwa wakitumia dawa hizo ni chini ya theluthi moja tu walikutwa na INR inayotakiwa. Hapo ndipo tiba yetu inapovuja.

Uamuzi wa pili ni wa mapigo yenyewe. Njia mbili zipo: kuacha mtetemo uendelee lakini kupunguza kasi, au kujaribu kuurudisha moyo kwenye mpangilio. Utafiti wa AFFIRM wa mwaka 2002, wenye wagonjwa 4,060, haukuona tofauti ya vifo kati ya njia hizo kwa dawa za wakati ule. Kwa miaka mingi hilo lilitosha kusema: punguza kasi kwa bisoprololi au digoksini, zuia damu kuganda, endelea na maisha. Mwaka 2020 utafiti wa EAST-AFNET 4 ulibadili sauti kidogo. Wagonjwa waliogunduliwa ndani ya mwaka mmoja, wakarudishiwa mpangilio mapema, walipata viharusi na vifo vya moyo vichache. Somo ni kwamba muda una thamani. Mtetemo wa miezi michache hurekebishika. Wa miaka kumi katika chumba kilichotanuka ni mgumu kuurudisha kwa njia yoyote.

Kushtua moyo kwa umeme ni njia ya haraka, na mashine yake haihitaji kathlabu, chumba maalumu cha kupitisha nyaya hadi ndani ya moyo. Lakini kama mtetemo umezidi saa 48 au haijulikani ulianza lini, kwa kawaida mgonjwa anatakiwa awe kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda kwa wiki tatu zisizokatika kabla, na wiki nne baada. Asiyeweza kutimiza wiki hizo asishtuliwe kwa mpango, kwa kuwa moyo ukirudi kupiga vizuri unaweza kulirusha donge lililokuwa limetulia. Mgonjwa anayezidiwa, shinikizo limeanguka, ni suala jingine. Huyo hushtuliwa hapohapo.

Tundu dogo: nani anafaidika?

Upasuaji wa tundu dogo hupitisha nyaya nyembamba kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya moyo. Daktari husoma ramani ya umeme, akaona njia mbovu, akaichoma kwa joto au kuigandisha kwa baridi. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux walionyesha kwamba cheche nyingi zinazoanzisha mtetemo hutoka kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Tangu hapo kuitenga mishipa hiyo ndiyo msingi wa kazi hii. Siku hizi ipo pia njia inayotumia mipigo mifupi ya umeme badala ya joto, iliyoanza kuruhusiwa Marekani mwishoni mwa 2023.

Swali ni tiba hii inampa nini nani. Kwa kijana mwenye njia ya ziada ya umeme, inampa uponyaji. Zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100 hupona, mara nyingi kwa safari moja, na wengi huacha dawa kabisa. Hatari ipo ila ni ndogo: kwa chini ya mmoja kati ya 100, kituo cha katikati huumia na mgonjwa akahitaji betri.

Kwa mwenye mtetemo wa kuja na kuondoka, asiye na ugonjwa wa valvu, hesabu ni tofauti. Sita hadi nane kati ya kumi hukaa mwaka mmoja bila mtetemo baada ya upasuaji wa kwanza, wengine hurudia. Utafiti wa CABANA wa mwaka 2019, wenye wagonjwa 2,204, haukuthibitisha kwamba upasuaji unapunguza vifo na viharusi kuliko dawa, ingawa waliofanyiwa walijisikia vizuri zaidi. Wenye moyo dhaifu pamoja na mtetemo walionekana kunufaika zaidi katika utafiti wa CASTLE-AF wa mwaka 2018, ingawa ulikuwa na wagonjwa 363 tu. Na jambo moja lisemwe kwa sauti: upasuaji huu haumwondolei mgonjwa dawa ya kuzuia damu kuganda. Dawa hiyo huendelea kwa miezi baada ya upasuaji kwa kila mtu, na kwa mwenye hatari kubwa ya kiharusi huendelea maisha yote. Anayeuza shamba akiamini ataachana na vidonge ameuziwa matumaini yasiyokuwepo.

Kwa mwenye valvu iliyosinyaa na chumba kilichotanuka, kuchoma peke yake hufaa mara chache. Kama atafunguliwa kifua kwa ajili ya valvu, daktari anaweza kushughulikia mtetemo wakati huohuo. Nje ya hapo, warfarini na kupunguza kasi ndiyo tiba yake, na si tiba ya daraja la pili.

JKCI ina mtambo wa kuchora ramani ya umeme wa moyo na inatoa tiba hii. Katika nchi nyingi za kusini mwa Sahara huduma hiyo haipo, hivyo kuwa nayo ndani ya mipaka yetu ni hatua kubwa. Ila ni kituo kimoja kwa nchi pana, na nafasi zake ziwafikie kwanza wanaopona nayo.

Betri ya moyo

Betri ya kwanza iliyowekwa ndani ya mwili ilipandikizwa Stockholm mwaka 1958. Aliyewekewa, Arne Larsson, alibadilishiwa betri zaidi ya mara ishirini na akaishi hadi 2001. Hivi leo betri hudumu takriban miaka minane hadi kumi na miwili, na upasuaji wake ni wa saa chache chini ya ngozi ya kifua.

Kwa mzee ambaye umeme wa moyo wake umekatika, hakuna dawa ya kumeza inayochukua nafasi ya betri, na bila betri anaweza kufa wakati wowote. Kwake uchaguzi ni mfupi. Benjamin Mkapa, Dodoma, ina kathlabu na imekuwa ikiweka betri hizi, hivyo mgonjwa wa Tabora hana sababu ya kuvuka Dodoma isipokuwa ameelekezwa. Ufuatiliaji ni mwepesi: kidonda kuangaliwa baada ya wiki chache, kisha betri kupimwa kila miezi sita hadi kumi na miwili.

Bei ya kifaa ndiyo kikwazo. Njia mojawapo inayoendelea kuchunguzwa ni kutumia tena betri zilizotolewa kwa marehemu, zikasafishwa na kupimwa upya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 wa vifaa vilivyokusanywa Canada na kuwekwa kwa wagonjwa zaidi ya 1,000 wa Mexico na nchi nyingine za ukanda huo haukuona maambukizi au vifo kuzidi vya vifaa vipya. Wizara na mamlaka ya dawa na vifaa tiba zingefaa kulijadili jambo hili waziwazi, kwa masharti makali.

Wagonjwa watatu, njia tatu

Tuwaweke kwenye mizani wagonjwa watatu wa kufikirika, kila mmoja kutoka wilaya yake ndani ya mkoa wa Tabora.

Kijana wa Urambo, miaka 22, moyo humchomoka mara kadhaa kwa mwaka. Zahanati inaweza kumsaidia leo bila dawa: apulize kwa nguvu kwenye bomba la sindano la mililita 10 kwa sekunde 15, kisha alazwe chali mara moja na miguu iinuliwe kwa sekunde 15. Utafiti wa REVERT wa mwaka 2015 ulionyesha njia hii iliwatuliza wagonjwa 43 kati ya 100, dhidi ya 17 kwa njia ya zamani ya kujikaza bila kuinuliwa miguu. Lakini vidonge vya kila siku kwa miaka arobaini, na hofu ya kuanguka akiwa juu ya mti anarina asali, vinagharimu kuliko safari moja ya Dar es Salaam. Kwake umbali unautetea upasuaji.

Mzee wa Igunga, miaka 74, anazimia, mapigo 34. Apelekwe Dodoma, na apelekwe leo. Kwake kuchelewa ndiko kunakoua, si kukosa teknolojia.

Mama wa Sikonge, miaka 34, valvu imesinyaa, moyo unatetemeka. Familia imesikia habari za kuchoma moyo na iko tayari kuuza mali. Kwake safari ya Dar es Salaam ina maana kama ni ya kuitazama valvu: kupanuliwa kwa puto au kubadilishwa. Baada ya hapo kitakachoamua maisha yake ni kama INR inapimwa karibu naye, kama sindano ya penisilini ya kuzuia homa isirudi inapatikana kila baada ya wiki tatu hadi nne, na kama uzazi wa mpango umezungumzwa naye kwa heshima. Moyo wake unategemea maabara ya wilaya kuliko kathlabu.

Fedha na wajibu

Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ulioanza mwaka 2018 kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, uliwavusha wengi kutoka zahanati hadi hospitali ya mkoa. Kwa mgonjwa wa moyo kikomo hicho kilikuwa na uchungu, kwa kuwa betri na tundu dogo vilianzia pale kadi ilipoishia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua mlango. Kipimo chake cha kweli kitakuwa kama mwenye umeme wa moyo uliokatika anaweza kutoka Kitete hadi Dodoma bila mchango wa harambee.

Huduma mkoba za JKCI, zinazowapeleka mabingwa mikoani, zimewafikia watu ambao wasingefika Dar es Salaam. Faida yake itakua kama bingwa akiondoka anaacha orodha: nani anatumia warfarini, nani ana betri na ipimwe lini, nani anasubiri tundu dogo. Orodha hiyo, muuguzi mmoja aliyefundishwa kuisimamia, na mashine ndogo ya kupima INR kwa tone la damu vingeweza kukaa Kitete, Nkinga na Sikonge. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kathlabu mpya.

Kwa mgonjwa na familia, kabla ya kukubali tiba yoyote kuna mambo ya kuuliza bila aibu. Daktari, mapigo yangu yanaitwaje, na karatasi yake iko wapi? Kuna chanzo kinachotibika kwanza, kama valvu, tezi au presha? Nina hatari gani ya kiharusi, na naizuia kwa dawa ipi? Tiba hii itaniponya, itanipa nafuu, au italinda maisha yangu tu? Nitarudi mara ngapi, wapi, na nani atanifuatilia Tabora?

Swali la mwisho lipewe uzito sawa na la kwanza, na mabingwa na wizara walijibu pamoja na mgonjwa. Vifaa vikubwa vilivyoko Dar es Salaam na Dodoma vimekwisha kuthibitisha kwamba nchi hii inaweza kutibu moyo. Sasa kazi ni kuhakikisha kwamba kila tiba inayoanzia huko ina mtu wa kuipokea na kuiendeleza Tabora, kwa kuwa huko ndiko mgonjwa anakoishi siku zote zinazobaki za mwaka.